Gluteni ni nini, na kwa nini familia nzima huweza kuugua bila kuijua

Kanda unga wa ngano kama wa chapati, uache upumzike, kisha tia donge hilo kwenye beseni la maji uanze kulikamua kwa vidole. Maji yatakuwa meupe kama tui. Yamwage, weka mengine, endelea mpaka yatoke karibu safi. Kitakachobaki mkononi ni kitu cha kijivujivu kinachovutika kama bigijii iliyotafunwa. Hiyo ndiyo gluteni, protini ya ngano, na ndiyo inayofanya chapati isukumike bila kukatika. Imo pia kwenye shayiri na nafaka iitwayo rai. Mahindi, mchele, muhogo, mtama, ulezi na uwele havina.

Watu wanaposema ngano inawakataa, huwa wanazungumzia mambo tofauti. Kuna aleji ya ngano: mtu anakula, na ndani ya dakika au saa chache anatoka vipele, midomo inavimba, pumzi zinabana. Huyo akimbizwe hospitali. Wapo wengine ambao tumbo hujaa gesi na mwili huchoka, lakini utumbo wao ukichunguzwa uko salama. Hawana kipimo chao maalumu. Hutambuliwa baada ya maradhi mengine kuondolewa.

Kinachonifanya niandike ni hali ya tatu, ugonjwa wa siliaki. Hapa gluteni huichokoza kinga ya mwili, nayo huushambulia utumbo mwembamba wa mwenye mwili. Ukuta wa utumbo huo una vinyuzi vidogo vilivyosimama kama nyuzi za taulo jipya, na ndivyo vinavyonyonya chakula. Vikilala, mtu anaweza kula vizuri kila siku na bado akakosa madini ya chuma, foliki asidi na kalisi. Kwa hiyo dalili zinaweza kutokea mbali kabisa na tumbo.

Ipo familia moja ya Temeke ninayoifahamu. Mama amemeza vidonge vya kuongeza damu kwa miaka mitatu. Damu inapanda kidogo, inashuka tena. Kitinda mimba wake ana miaka sita, anaharisha mara kwa mara, na shati la mwaka juzi bado linamtosha. Mama mdogo ana vidonda vya mdomo visivyokoma, na malengelenge yanayowasha viwikoni na magotini. Kila mmoja ana daftari lake la hospitali, na hakuna siku madaftari hayo matatu yalikaa mbele ya daktari mmoja. Siliaki hufuata damu: duniani inakadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 100, lakini kwa mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa ni kama 1 kati ya 10.

Usikubali kuambiwa huu ni ugonjwa wa Wazungu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliukuta kwa zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wa Wasahrawi, Waafrika wenzetu wa Sahara Magharibi. Hata hivyo, hapa Dar safura, amiba, vidonda vya tumbo na tumbo kushindwa sukari ya maziwa huleta dalili zinazofanana na hizi, na inafaa vitafutwe mapema. Kushuku ngano si sababu ya kuacha kupima choo.

Kosa ninaloliona sana ni mtu kuacha ngano kwanza, halafu akapata nafuu, ndipo akaenda kupima. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ziitwazo tTG-IgA, na zinapungua ukishaacha gluteni. Majibu yanaweza kuja safi wakati ugonjwa upo. Anayepimwa anatakiwa awe amekula ngano katika zaidi ya mlo mmoja kwa siku, kwa wiki zisizopungua 6. Kwa hiyo endelea na chapati zako mpaka damu itolewe, labda daktari aseme vinginevyo. Damu ikionyesha dalili, kwa kawaida hufuata kipimo cha kamera, na kipande kidogo sana cha utumbo huchukuliwa kuchunguzwa.

Ikithibitika, tiba ni kuacha gluteni maisha yote. Hakuna kidonge. Kwa jiko letu hilo linawezekana, maana ugali, wali, mihogo, ndizi na maharage vinabaki vyote. Taabu iko kwenye vitu vilivyojificha: uji wa lishe uliochanganywa ngano, mashine iliyotoka kusaga ngano kabla ya mahindi yako, sosi ya soya, urojo, chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta ya sambusa. Vitumbua ni vya mchele, lakini wapo wanaoongeza ngano kidogo ili vishikane. Muulize mama anayevichoma kabla hujamnunulia mtoto.