Bahari imeenda wapi? Kaskazi ya Mombasa kwa saa ya maji

Desemba moja, yapata saa nne na nusu asubuhi, nilikuwa chini ya mvinje pale ufukweni Pirates nikisuuza miwani za kuzamia, akaja baba mmoja na watoto watatu. Wametoka Nairobi jana yake kwa treni. Watoto washavaa maboya mikononi, mdogo kabisa kashika ndoo na sepetu. Mbele yao mchanga mtupu, vidimbwi, majani ya bahari yamelala ubavu, na kule mbali kabisa mstari mweupe wa mawimbi. Yule baba akanisalimu, akatazama huku na huku, akaniuliza kwa sauti ya chini kama anayeona haya: "Kaka, samahani, bahari imeenda wapi?"

Nafundisha kuogelea huu upande wa Nyali na Bamburi, na kabla ya hapo nilikuwa baharia kwenye boti za kupeleka wageni mwambani. Swali hilo nalisikia kila msimu, kwa lafudhi zote. Watu hutafuta hoteli miezi miwili mbele, hununua tiketi, hupanga nguo za picha, na hawamuulizi mtu hata mmoja maji yatajaa saa ngapi. Jambo hilo moja ndilo linaloamua kama siku yako ya pwani itakuwa ya raha au ya kukaa ukilitazama tope.

Kiangazi chetu ndicho hiki cha kaskazi, toka Desemba hadi Machi, upepo unapotoka kaskazini-mashariki, uleule uliokuwa ukiyaleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Mvua za vuli zimekwisha, mito haimwagi tope tena, maji yanang'aa hadi unaona kivuli cha boti kwenye mchanga wa chini. Mchana joto hufika digrii 32 au 33, na bahari yenyewe huwa kama 28 au 29, kwa hiyo usitarajie kuingia majini ukashtuka kwa baridi. Ukija Juni utakutana na kusi, bahari imechafuka na mawingu yamekaa. Wapo wanaoipenda kusi. Mimi simo.

Sasa maji yenyewe. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache. Kwa sababu mwezi huchelewa kila siku, maji nayo huchelewa, kwa wastani dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mwezi na jua huvuta kwenye mstari mmoja, na hapo tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikapita mita tatu. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, tuna maji mafu, na tofauti huwa kama mita moja tu. Bamvua zilizo kubwa kuliko zote huja karibu na Machi na Septemba. Hata feri ya Likoni inamtii mwezi: bamvua likikupwa, njia ya kushukia huwa mteremko mkali, na gari lenye tumbo la chini utalisikia likiparuza.

Wavuvi wa hapa wana hesabu ambayo haihitaji simu. Siku ya mwezi kuandama na siku ya mwezi mpevu, maji ya Mombasa hujaa mnamo saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri, na hukupwa mnamo saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Kwa kila siku inayofuata, ongeza dakika 50. Siku nne baada ya mwezi mpevu, basi, maji yanajaa karibu na saa moja na dakika 20 jioni. Ikifika wiki, mambo yamegeuka: maji yanajaa asubuhi mnamo saa nne na kupwa saa kumi, lakini kwa kuwa ni maji mafu, hata yakipwa hayaendi mbali. Hesabu hii inaweza kupishana na ukweli kwa nusu saa au zaidi, na ukitaka dakika kamili tafuta jedwali la maji la bandari ya Kilindini. Kwa kupanga siku ya watoto, inatosha.

Hesabu hiyohiyo inakwambia jambo ambalo hata watu wengi wa mjini hawajalifikiri. Idd ndogo huja na mwezi mwandamo, kwa hiyo kila mwaka, iangukie mwezi wowote wa kizungu, Idd ndogo ni bamvua. Asubuhi watu wakitoka kuswali, bahari inazidi kwenda mbali. Watoto wakimaliza kuzunguka kwa mashangazi na wajomba kukusanya mkono wa Idd, wakafika Pirates alasiri, maji yamejaa pomoni, na umati wote unaingia kwenye kina kikubwa kuliko siku zote za nusu ya mwezi huo. Idd kubwa ni siku ya kumi ya mwezi wa mfungo tatu, yaani Dhulhijja: maji mafu, au ndiyo kwanza yanaanza kupata nguvu. Bahari ileile, umati uleule, hatari tofauti kabisa. Siku ya Idd ndogo mimi sifundishi, nasimama ufukweni nikihesabu vichwa. Krismasi na mwaka mpya havifuati mwezi, kwa hiyo kila mwaka lazima utazame upya. Desemba ile ya yule baba ilikuwa bamvua, naye alifika saa nne na nusu. Asingeweza kuchagua saa mbaya zaidi.

Nilimwambia asirudi hotelini. Maji yakipwa ndipo kuna mambo mengi ya kuona, mradi ujue unaingia wapi. Mwamba ndio ukuta wetu, mawimbi makubwa huvunjikia kule nje, na kati ya mwamba na ufuo pana uwanja mpana ambao bamvua huufunua. Tafuta kijana anayeujua mwamba, mkubaliane bei kabla hamjaondoka, na mvae viatu, si ndala, viatu vinavyoshika mguu. Kuna yule mdudu mweusi mviringo mwenye miiba mirefu kama sindano, na kuna samaki anayefanana na jiwe ambaye sumu yake humlaza mtu mzima. Ukichomwa, wazee watakupaka utomvu wa papai bichi. Mimi huanza kwa kuuloweka mguu kwenye maji ya moto, ya kiasi cha kuvumilika, na kama ni yule samaki, hospitali moja kwa moja.

Watoto wataona kaa, jongoo bahari, na kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, mwekundu mwenye nundu. Mwache majini. Kila msimu naona watu wakimnyanyua juu apigwe picha kwenye jua, anapita mikono kumi, kisha anarudishwa hoi. Vivyo hivyo kukanyaga matumbawe: tumbawe lililovunjwa na kisigino chako lilichukua miaka kukua. Sehemu kubwa ya bahari hii imo ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986, na mabaharia wanaojali hawatakuruhusu. Wasiojali watakuruhusu, na hapo ndipo utamjua uliyempata. Utakutana pia na wavuvi wa pweza na mikuki yao wakipekua mashimo. Kumbuka nyuso zao. Jioni utakula walichokipata.

Ila tazama saa, maana maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Mabaharia huyagawa mafungu 12: saa ya kwanza huja fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Chukua bamvua la mita 3.6. Saa ya kwanza umepata sentimita 30, umeona hakuna jambo, unaendelea kupiga picha. Saa ya tatu zinaingia sentimita 90, na ya nne 90 nyingine. Na maji hayakujii kwa mbele tu. Hujaza kwanza mifereji iliyoko nyuma yako, kati ya fungu la mchanga na ufuo, kwa hiyo unapogeuka kurudi, pale ulipopita na maji ya kifundo cha mguu pamefika kifuani, na umebeba mtoto na simu mbili. Watu niliowatoa majini ambao hawakuwa wameumia wala kulewa, wengi wao walinaswa hivyo. Kanuni yangu ni moja: maji yakisimama tu, kabla hayajaonyesha kugeuka, tunaanza kurudi.

Kuogelea kwenyewe, saa tamu ni zile mbili kabla ya kujaa na moja baada yake. Maji safi yanaingia kutoka nje, yanakusukuma kuelekea ufuoni badala ya kukuvuta, na kina kinatosha bila kuwa kirefu mno. Usiogelee karibu na midomo ya hori, ile mikono ya bahari iliyoingia nchi kavu, Mtwapa au Tudor, maji yanapotoka. Hori lote linamwagika kupitia tundu moja, na hapo hata mimi ninayelipwa kwa kuogelea siwezi kushindana nalo. Ukijikuta umechukuliwa, usipigane kwa mbele. Elea, nyosha mkono juu, kata kwa ubavu hadi uone umeachiwa.

Tyubu za magari zinazokodishwa ufukweni nazo nina neno nazo. Si kifaa cha kuokolea. Kaskazi hupanda mchana, na mtu aliyelala juu ya tyubu akitazama mawingu huingilia mbele ya mkoba wake na kutokea mbele ya hoteli ya tatu upande wa kusini. Hilo ni jambo la kuchekwa tu kama anajua kuogelea. Wengi waliokodi hawajui, ndiyo sababu wamekodi.

Na akina mama zangu na dada zangu, hili nalisema kwa heshima: leso na dera ni vazi la ufuoni, si la majini. Dera likilowa huwa zito kama mzigo wa unga, na leso hujisokota miguuni ukifikiri umeshikwa na kitu. Nimefundisha wanawake wengi wa Mji wa Kale ambao hawakuwahi kuingia maji yaliyopita magoti, na tatizo halikuwa woga, lilikuwa nguo. Suruali ya kubana yenye kitambaa chepesi, shati refu la mikono lisilonyonya maji, na kilemba kidogo kilichofungwa kwa nyuma: umejisitiri na miguu iko huru. Siku hizi nguo hizo zinashonwa papa hapa mjini.

Jua nalo si la kuchezea. Mombasa iko digrii nne tu kusini ya ikweta, na mnamo wiki ya pili ya Machi jua hupita juu ya utosi kabisa, mti hauna kivuli. Kilele chake si saa sita kamili bali yapata saa sita na nusu. Kati ya saa tano na saa tisa mimi huwapeleka watu wangu kwingine: Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na kuta zake nene bado zinajua kutunza ubaridi, au Haller Park, pale Bamburi palipochimbwa mawe ya saruji hadi pakawa jangwa, kisha kuanzia 1971 pakapandwa mivinje na sasa ni msitu. Weusi wa ngozi haukuzuii kuungua. Waulize watoto wangu wa darasa mabega yao siku ya pili.

Jioni nenda bustani ya Mama Ngina. Panda ukutani chini ya mibuyu, upande unaotazama mlango wa Kilindini, ununue muhogo wa kukaanga uliopasuliwa katikati ukatiwa pilipili na ndimu, na dafu. Msimu huu kuna embe ngowe, zikatwe vipande na chumvi ya pilipili. Na siku za bamvua usiondoke bila kumtafuta mwenye sufuria ya supu ya pweza, maana pweza aliyekamatwa asubuhi ileile ladha yake ni nyingine. Siku za maji mafu huwa sihangaiki naye, najua ametoka kwenye barafu. Jua huzama mnamo saa kumi na mbili na dakika 40, na kama ni mwezi mpevu, saa hiyohiyo unachomoza upande wa pili, juu ya bahari, mkubwa na mwekundu, meli zinapita chini yake.

Yule baba na wanawe walirudi saa nane mchana, maji yakiingia, wakakaa hadi saa kumi na moja. Mdogo alijifunza kuelea chali. Kabla ya kuondoka nilimwandikia ile hesabu ya dakika 50 nyuma ya risiti ya chakula. Mwaka uliofuata, usiku mmoja wa Desemba, simu ikalia: picha ya mwezi juu ya ghorofa za Nairobi, na chini yake, "Mwalimu, tunashuka kesho. Umejaa, kwa hiyo maji ni saa kumi, sivyo?"

Niliukuza mwezi kwenye kioo. Ukingo mmoja ulishaanza kulika kidogo. Nikamjibu: "Huo ulijaa jana. Kesho ongeza dakika mia."