Daftari Ndilo Linalowaponza Wahandisi

Watu wakisikia jinai ya mafuta baharini hufikiria meli iliyopasuka na ndege waliolowa mafuta. Kesi nyingi ninazoshughulikia hazina picha hizo. Huanzia kwenye maji ya ngama, yaani maji machafu yenye mafuta yanayojikusanya chini kabisa ya meli, na kuishia kwenye daftari.

MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi kutoka melini, unaruhusu meli iliyo safarini kumwaga maji ya ngama, mradi yapite kwenye mtambo wa kuchuja na mafuta yasizidi sehemu 15 kwa milioni. Kuchuja kunakula muda, na kushusha masalia bandarini ni pesa. Basi usiku mtu anaunga kipande cha bomba kinachoukwepa mtambo, uchafu unakwenda moja kwa moja baharini. Mabaharia hukiita bomba la kichawi. Kabla ya kutia nanga kinafunguliwa na kufichwa. Mkaguzi mzoefu hahangaiki kukisaka, anatazama boliti. Zilizochubuka rangi, au zenye rangi mpya kuliko jirani zake, zinamtosha kuanzia. Kisha anafungua bomba la kutolea maji nje na kupitisha kidole ndani. Kikitoka cheusi, mhandisi mkuu atafute wakili.

Ila kosa lililotendeka bahari kuu kwa kawaida hushtakiwa na nchi ya bendera, yaani ile meli ilikosajiliwa, na bendera nyingine hazina haraka hiyo. Marekani wakapata njia: wanashtaki kuingia bandarini mwao na daftari la mafuta lenye uongo. Kila kazi inayohusu mafuta huandikwa humo na kutiwa saini na afisa aliyeisimamia. Nahodha anasaini kila ukurasa. Mwaka 2016 kampuni ya meli za kitalii ya Princess ilikubali kukiri makosa saba na kulipa dola milioni 40 kwa sababu ya bomba la namna hiyo kwenye meli yake Caribbean Princess. Aliyetoboa siri ni mhandisi mgeni kazini. Sheria yao inaruhusu mtoa taarifa apewe hadi nusu ya faini, na nadhani hilo linatisha wenye meli kuliko wakaguzi wote.

Ajali ni habari nyingine. MARPOL inasamehe mafuta yanayomwagika kwa sababu meli imeharibika, isipokuwa mwenye meli au nahodha alikusudia, au hakujali huku akijua madhara yangetokea. Meli ya mafuta Prestige ilipopata ajali karibu na Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania, mwaka 2002, nchi hiyo haikuipa hifadhi, ikaamuru ipelekwe mbali na pwani. Nahodha wake, Mangouras, alikaa mahabusu siku 83, dhamana euro milioni tatu. Mwaka 2013 mahakama ilimfutia kosa la mazingira. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya nchi ikamtia hatiani, kifungo cha miaka miwili. Mimi niko na majaji wa 2013.

Ndiyo maana nikipigiwa simu kwamba nahodha amekamatwa, siulizi kwanza mafuta ni kiasi gani. Nauliza alikuwa maili ngapi kutoka pwani. Kwa meli ya kigeni iliyo nje ya maili 12, Mkataba wa Sheria ya Bahari, kifungu cha 230, unaruhusu adhabu ya fedha tu. Ndani ya hapo, kifungo kinawezekana iwapo uchafuzi ulikuwa mkubwa na wa makusudi.