Kuchemsha mayai hakuondoi dawa aliyopewa kuku

Katika makundi ya wafugaji huzunguka mara kwa mara ujumbe usemao kwamba mayai ya kuku walio katika dozi ya antibiotiki hayana tatizo, mradi yachemshwe vizuri. Dai hilo si sahihi.

Mkanganyiko wake unaeleweka, kwani moto huua vimelea kama salmonela, na watu hudhani huondoa na dawa pia. Lakini antibiotiki kadhaa, zikiwemo za jamii ya salfa, hustahimili joto la jikoni, na yai lenye mabaki yake halitofautiani na jingine kwa rangi, harufu wala ladha. Kusubiri siku moja au mbili nako mara nyingi hakutoshi, kwa sababu kiini hujengwa tabaka kwa tabaka kwa takriban siku 10 kabla yai halijatagwa, na dawa iliyomo kwenye damu huingia humo.

Anayetaka kuhakiki asome lebo ya dawa na kutafuta muda wa kusubiri uliowekwa kwa mayai, si ule wa nyama, akihesabu tangu dozi ya mwisho. Baadhi ya dawa haziruhusiwi kabisa kwa kuku wa mayai. Lebo isipoeleweka, aulizwe daktari wa mifugo. Mayai ya kipindi hicho yasiliwe wala kuuzwa, bali yafukiwe. Kufukia trei nzima kunauma, na pengine ndiyo sababu ujumbe huu unapendwa. Ukiupokea, tafadhali usiusambaze. Mwombe aliyeutuma asome kwanza lebo ya dawa anayotumia.