Je, wajua kwa nini picha ya mandharinyuma hukataa kukaa ulipoiweka?

Mtengenezaji wa tovuti anaandika agizo la mahali pa picha, `background-position: 80% 50%` (namba ya kwanza ni ya mlalo, ya pili ya wima), anahifadhi faili, anafungua ukurasa upya, na picha haijasogea hata pikseli moja. Anabadilisha 80 kuwa 20. Bado iko palepale. Wengi wakifika hapa hukilaumu kivinjari kwamba kimeng'ang'ania nakala ya zamani, nao huanza kufuta kumbukumbu zake, ilhali mara nyingi kivinjari kimelitii agizo kama lilivyo. Tatizo ni kwamba mwandishi na kivinjari hawapimi kwa kutumia eneo moja.

Tuanze na asilimia, kwa kuwa ndiyo inayowapotosha wengi. Katika lugha ya mitindo ya CSS, asilimia ya mahali pa picha si umbali kutoka ukingo wa kushoto. Kivinjari huchukua upana wa kisanduku, yaani sehemu ya ukurasa iliyowekewa picha, hutoa upana wa picha, kisha hukokotoa asilimia ya kile kilichobaki. Kisanduku kikiwa na pikseli 1000 na picha 400, baki ni 600, kwa hiyo 50% huisogeza picha pikseli 300 nayo hukaa katikati barabara. Picha ikiwa na pikseli 1000 sawasawa na kisanduku, baki ni sifuri, na asilimia yoyote ya sifuri ni sifuri. Ndiyo maana picha ile haikusogea.

Hesabu hiyohiyo huleta mambo ya ajabu kidogo pale `background-size: cover` inapotumika. Agizo hilo huikuza au kuipunguza picha mpaka ifunike kisanduku chote bila kuharibu uwiano wake, na kwa kawaida upande mmoja hulingana kabisa na kisanduku huku mwingine ukizidi. Chukua picha ya bahari yenye pikseli 1600 kwa 900, ambayo jahazi lake liko upande wa kulia, kwenye asilimia 80 ya upana. Kwenye skrini pana ya kompyuta kinachozidi ni kimo, kwa hiyo ukibadilisha namba ya mlalo huoni tofauti yoyote. Kwenye simu iliyosimama wima, yenye eneo la pikseli 360 kwa 640, picha hiyo huwa na upana wa takribani 1138. Ukiiweka katikati, jahazi huangukia pikseli ya 521, nje kabisa ya skrini, na mteja atakupigia simu kuuliza jahazi limekwenda wapi. Andika 80% badala ya katikati, nalo litarudi kwenye pikseli ya 288, yaani asilimia 80 ya upana wa simu, na kwenye kompyuta hakuna kitakachobadilika. Huo ndio uzuri wa kanuni hii: nukta ya asilimia 80 ya picha huwekwa juu ya nukta ya asilimia 80 ya kisanduku.

Wakati mwingine picha iliyowekwa kwenye `body`, kisanduku kinachobeba yaliyomo yote ya ukurasa, hukatwa kichwa ukurasa ukiwa na maneno machache. Mandharinyuma ya `body` hukabidhiwa turubai nzima ya ukurasa, yaani eneo lote linalochorwa, iwapo `html`, kisanduku kinachoizunguka `body`, haina yake, lakini mahali pa picha hupimwa kwa kimo cha `html`, na kimo hicho hufuata yaliyomo. Maandishi yakiwa na kimo cha pikseli 200 na picha 400, kuiweka katikati kiwima maana yake ni kuipandisha pikseli 100 juu ya ukingo. Kuipa `html` agizo la `min-height: 100%`, yaani kimo kisichopungua cha dirisha, kunatosha.

Kuhusu kusogeza ukurasa, `background-attachment`, agizo linaloamua picha imeshikamana na nini, ilikuwamo tangu toleo la kwanza la CSS, lililotolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Desemba 1996. Thamani yake ya kawaida, `scroll`, ina jina linalodanganya: picha hugandamana na kisanduku chenyewe, hivyo yaliyomo ndani yake yakisogezwa, picha hubaki palepale; anayetaka ifuatane na yaliyomo hutumia `local`. Kwa `fixed`, picha hupimwa kwa dirisha zima la kivinjari, na kisanduku hugeuka tundu tu la kuchungulia. Kwa hiyo `cover` ndani ya kisanduku chenye kimo cha pikseli 300 huonekana imekuzwa kupita kiasi, kwa sababu inajaza dirisha, si kisanduku.

Niliwahi kupoteza alasiri nzima kwa `fixed` iliyoacha kufanya kazi bila sababu ya kuonekana. Kisanduku mzazi kilikuwa kimeachiwa `transform: translateY(0)`, agizo la kusogeza kwa pikseli sifuri, baada ya mwendo wa kuingia kwenye ukurasa kwisha. Haikisogezi kitu, lakini kuwapo kwake tu kunatosha: kwa mujibu wa kanuni za CSS, chini ya `transform` yoyote `fixed` huchukuliwa kuwa `scroll`.

Kivinjari cha Safari kwenye iPhone nacho kwa miaka mingi kimekuwa kikiipuuza `fixed`. Njia ninayoiamini ni kuachana nayo na kuweka picha kwenye tabaka lake, yaani `body::before` (kisanduku cha ziada kinachoundwa na CSS yenyewe) yenye `position: fixed`, `top: 0`, `left: 0`, `width: 100%` na `z-index: -1`, inayoliweka nyuma ya yaliyomo. Kimo kipewe `100lvh`, yaani kimo cha dirisha likiwa refu kabisa, la sivyo sehemu ya anwani ikijificha wakati wa kusogeza ukurasa, dirisha hurefuka, `cover` hukokotolewa upya na picha huruka. Tabaka lisipoonekana kabisa, angalia kama `html` na `body` zote mbili zimepewa rangi ya mandharinyuma: rangi ya `body` haikabidhiwi tena turubai, hubaki kwenye kisanduku chake, na huifunika picha iliyo nyuma yake.