Je, wajua jinsi Singapore ilivyobishana na London kuhusu gharama za ulinzi?

Mwaka 1890 Uingereza iliitaka Straits Settlements, koloni lililojumuisha Singapore, Penang na Malaka, ilipe pauni 100,000 kila mwaka kwa ajili ya jeshi lililowekwa huko, karibu maradufu ya mchango wa awali. Koloni lilikuwa limekwisha kugharimia ujenzi wa ngome za bandari ya Singapore, Uingereza ikitoa mizinga, na meli nyingi zilizonufaika na ulinzi huo zilikuwa zikipita tu kwenda China. Kwa nini basi, walihoji wafanyabiashara, bandari moja itwikwe mzigo wa himaya nzima?

Katika Baraza la Kutunga Sheria hoja hiyo haikuweza kushinda kwa kura. Gavana na maofisa wake walikuwa wengi, na agizo likitoka London walipaswa kuliunga mkono, hata yule aliyeona moyoni kwamba kiasi hicho kimezidi. Wajumbe wasio maofisa walikuwa wachache, tena wa kuteuliwa.

Hoja yao nzito kuliko zote ilihusu sarafu. Mchango ulidaiwa kwa pauni, ilhali koloni lilikusanya mapato yake kwa dola za madini ya fedha, ambazo thamani yake ilikuwa ikiporomoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 dola moja ilibadilishwa kwa zaidi kidogo ya shilingi nne za Kiingereza. Kufikia katikati ya miaka ya 1890 ilipata karibu mbili tu. Kwa kuwa pauni ilikuwa na shilingi 20, kiasi ambacho zamani kingelipwa kwa dola 500,000 sasa kilikaribia dola milioni moja, bila London kuongeza hata pauni moja. Kutoza ushuru wa forodha kungeua bandari huru iliyolilisha koloni, ambalo tayari lilitegemea mno kukodisha haki ya kuuza afyuni na pombe.

Mwaka 1895 wajumbe hao walijiuzulu, pamoja na wajumbe wa Bodi ya Ushauri ya Wachina. Naamini hatua hiyo ilikuwa na uzito kuliko hotuba zote zilizoitangulia, kwa kuwa baraza lililobaki na maofisa watupu lisingeweza kudaiwa kuwa limeridhia kwa niaba ya walipakodi. Mwafaka uliofuata ulibadili kanuni yenyewe: mchango ukawa asilimia 17.5 ya mapato ya koloni, hivyo dola ikishuka, hasara ya ubadilishaji iliangukia London. Baadaye kiwango kilipandishwa hadi asilimia 20, lakini kikabaki sehemu ya mapato.