Kumpangia muuguzi mpya mlezi wa wodini: maana yake

Muuguzi mlezi, ambaye wengine humwita prisepta, ni muuguzi mzoefu anayefanya zamu pamoja na muuguzi aliyetoka chuoni, wakihudumia wagonjwa walewale, mpaka yule mpya aweze kusimama mwenyewe. Si mwalimu wa chuo, wala si msimamizi wa wodi. Kuwalinganisha ni kuamua nani akae na nani, na uamuzi huo hufanywa kabla mgeni hajaripoti. Mara nyingi haufanywi kabisa. Mtarajali, yaani muuguzi huyo mpya, anafika Jumatatu asubuhi, msimamizi anatupa jicho wodini na kusema, "Leo fuatana na huyu." Kesho yake "huyu" ameanza zamu za usiku.

Ndiyo maana kazi hii huanzia kwenye rosta, yaani ratiba ya zamu, tabia zikafuata baadaye. Watu wanaopatana sana lakini wanakutana zamu mbili kwa wiki hawajalinganishwa. Kwa wiki nne za kwanza mgeni afuate zamu za mlezi wake, za usiku zikiwemo, na awepo mlezi mmoja wa akiba, anayejulikana tangu mwanzo, kwa siku za likizo na ugonjwa. Walezi wakizidi wawili, kila mmoja huja na utaratibu wake wa kuandaa dawa na kujaza chati, na mgeni hukosolewa leo kwa alichofundishwa jana.

Kosa jingine ni kudhani kwamba muuguzi hodari kuliko wote ndiye mlezi bora. Patricia Benner, mtaalamu wa uuguzi wa Marekani, alieleza mwaka 1984 hatua tano ambazo muuguzi hupitia kutoka uanagenzi hadi ubingwa. Bingwa huona hali nzima kwa mara moja, na kwa sababu hiyohiyo humwia vigumu kutaja alichokiona. Chukua mama mwenye kifafa cha mimba anayepewa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege. Bingwa anapita kitandani, anatazama, anaiahirisha dozi. Mgeni ameona uamuzi tu, sababu hakuiona. Mlezi anayefaa hutamka: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, na goti likigongwa mguu uruke; kimoja kikikosekana, dozi inayofuata inangoja. Mtu wa namna hii hupatikana zaidi kati ya wenye miaka miwili hadi mitano katika wodi ileile. Kanuni bado wanazikumbuka kwa maneno. Muhimu pia awe amekubali kazi hiyo kwa hiari, kwani aliyelazimishwa hujibu maswali kwa mkato, na mgeni huacha kuuliza.

Kwa upande wa mgeni, karatasi moja yatosha. Orodhesha kazi za wodi hiyo, kisha safu tatu: nimefanya peke yangu, nimefanya nikisimamiwa, sijafanya. Ambaye hajawahi kumwekea mtoto kanula (mrija mdogo wa kuingizia dawa kwenye mshipa) apewe mlezi anayeshika vitanda vya watoto, asiyumbishwe huku na huko. Uliza pia anaishi wapi na kama ananyonyesha, maana mambo hayo huvuruga rosta kuliko tabia. Undugu na urafiki wa zamani uepukwe. Humfanya mlezi aone aibu kusema "bado hujaweza".

Ulinganishaji mzuri huharibiwa na hesabu ya watu. Mgeni asihesabiwe kama muuguzi kamili wa zamu, wala mlezi asiongezewe wagonjwa kwa kisingizio kwamba "mko wawili". Wawili hao wachukue wagonjwa wa muuguzi mmoja: mgeni aanze na mgonjwa mmoja au wawili chini ya macho ya mlezi, aongezewe polepole.

Mwisho wa wiki ya kwanza, ya pili na ya nne, msimamizi azungumze na kila mmoja peke yake. Dalili za mpangilio usiofaa huonekana mapema: mgeni anapeleka maswali kwa watu wengine, au mlezi anafanya kila kitu mwenyewe "ili tumalize haraka". Mlezi abadilishwe ndani ya wiki ya pili, bila barua na bila kutafuta mkosaji. Ukichelewa hadi wiki ya sita, mgeni ameshazoea kuficha asichokijua. Na mlezi aliyepokea wageni wawili mfululizo apumzishwe kundi linalofuata, hata kama ndiye anayependwa kuliko wote.