Kuongoza kwa Sauti Moja: Dhana Potofu Tunazozisikia Kazini

Msimu wa kukausha tumbaku hapa Tabora, msimamizi anaweza kuwa na kibarua aliyeanza juzi, mchomaji (mtunza moto wa kukaushia) wa misimu 10 na karani wa ghala, wote siku moja. Akiwaongoza wote kwa namna ileile, kazi itaharibika mahali.

Dhana: Kiongozi anayebadili mtindo ni kigeugeu.

Kigeugeu ni yule anayebadili kanuni: leo kuchelewa ni kosa, kesho si kosa kwa kuwa aliyechelewa ni shemeji yake. Kanuni zibaki palepale. Kinachobadilika ni kiasi cha maelekezo na cha kumsikiliza mtu. Nadharia ambayo wataalamu wa uongozi Paul Hersey na Ken Blanchard walianza kuieleza Marekani mwaka 1969 ina mitindo minne: kuelekeza, kushawishi, kushirikisha na kukasimu, yaani kumwachia mtu kazi na mamlaka yake. Unachagua kwa kutazama mtu anaijua kazi kiasi gani na ana ari kiasi gani.

Dhana: Kutoa amri ni ubabe.

Ndani ya bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, hatupigi kura. Jani hugeuka njano kwenye nyuzijoto 35 hadi 38 hivi, unyevu ukiwa mwingi. Kibarua mgeni akiona moto mdogo huongeza kuni. Jani linakauka kabla halijageuka, rangi ya kijani inabaki humo na daraja la ubora linashuka. Halirekebishiki tena. Kwa hiyo usimuulize anaonaje. Mwambie: "Soma kipimajoto kila saa, andika kwenye daftari. Ikipita 38, punguza moto, kisha niite." Mwache ayarudie kwa maneno yake, na usiku wa kwanza kaa naye. Mtafiti Robert Vecchio alipoipima nadharia ya Hersey na Blanchard kwa walimu wa sekondari Marekani mwaka 1987, ilithibitika zaidi kwa wale waliohitaji maelekezo mengi. Amri inageuka ubabe pale inapoendelea wakati mtu ameshaijua kazi.

Dhana: Mzoefu haelekezwi.

Hii ndiyo inayoangusha wengi. Karani anayelitambua daraja la jani kwa kuligusa tu, ukimpa mizani ya kidijitali amekuwa mwanafunzi. Uzoefu ni wa kazi moja moja, hauhami na mtu. Mizani isiporudi sifuri kabla ya kupandisha mtumba (furushi la tumbaku), kila uzito unaofuata una kosa lilelile, na anayeumia ni mkulima. Tena mtu mzima huona aibu kuuliza, basi hunyamaza mpaka siku ya malipo. Usimfundishe mbele ya vijana. Mfuate kabla ghala halijafunguliwa: "Shikamoo, mzee. Mtumba wa kwanza nitapima mimi, wa pili upime wewe, nami niko hapa." Mitumba mitano inatosha kukuonyesha kama unaweza kuondoka.

Dhana: Kukasimu ni kunawa mikono.

Ukikasimu bado unawajibika. Kubalianeni mapema matokeo, kiasi cha fedha anachoweza kuidhinisha mwenyewe, na siku ya kuleta taarifa.

Dhana: Kila kiongozi anaweza kujigeuza atakavyo.

Mwanasaikolojia Fred Fiedler, katika nadharia yake ya uongozi ya mwaka 1967, alishikilia kwamba mtindo wa mtu ni mgumu kubadilika, hivyo ni rahisi zaidi kubadili mazingira yake. Tunaona ana hoja. Msimamizi ambaye hawezi kuongea bila kuamuru mpe zamu ya moto. Kikao cha wakulima wanaolalamikia madaraja akiendeshe mwenzake.